Dada, Nianzie Wapi Historia?

Mdogo wangu wa Kariakoo, barua yako nimeisoma yote, hata yale uliyobana nyuma ya karatasi. Una watoto watatu: kidato cha pili, darasa la tano, na yule mtundu wa darasa la kwanza. Unataka wajifunze historia nyumbani kwa mpangilio, Jumamosi na wakati wa likizo. Umeshachora ratiba tatu, umenunua madaftari matatu, na umechoka kabla hujaanza. Pole. Ratiba mbili zichane leo hii.

Kwanza tuelewane. Shule hujawatoa, na usiwatoe, maana elimu ya msingi kwetu ni lazima kisheria. Wala usishindane na mwalimu wa Historia ya Tanzania na Maadili. Yeye ana darasa lililojaa, ana mtihani, ana muhtasari wa kumaliza. Hawezi kuwashika watoto mkono akawapeleka pale jambo lilipotokea. Wewe unaweza, tena kwa miguu, bila kupanda hata mwendokasi.

Ushauri wangu ni mmoja: watoto wote wakae kwenye zama moja kwa wakati mmoja. Kinachotofautiana ni mzigo tu. Ukimpeleka mkubwa kwenye Vita Kuu, wa kati kwenye Kilwa na mdogo kwa watu wa kale, utakuwa unaendesha shule tatu sebuleni, na wenyewe hawataweza kuongea kitu kimoja wakati wa chakula. Na mazungumzo hayo ya sahani moja ndiyo yanayofundisha.

Mzigo unagawanywaje? Mchukue Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara yake mnaivuka kila siku. Mtundu wako anatosheka na mwimbaji wa ngoma, mtoto wa mjini Dar, aliyeingia chama cha TANU akaenda kuwaita wanawake wenzake nao wakamfuata. Ataiigiza mpaka umkataze. Wa darasa la tano atafute lini na wapi: azaliwe 1926, afariki 2000, na katikati ajaze yeye. Mkubwa mwachie lile gumu. Mwanamke huyu alikamatwa 1969, akahukumiwa kwa uhaini, akaachiwa kwa msamaha 1972, na leo barabara kubwa ina jina lake. Imekuwaje? Asijibu kwa haraka. Na wewe usimjibie.

Sasa unauliza uanzie wapi. Najua jirani yako amekwambia uanze na Zinjanthropus, yule mtu wa kale, kwa kuwa ndiye wa kwanza kitabuni. Mimi sikubaliani naye. Mtoto wa miaka saba hana pa kuiweka miaka milioni moja na laki saba na nusu. Mtafika huko, na Makumbusho ya Taifa yapo hapo Mtaa wa Shaaban Robert, hayahami. Anzeni na bandari, kwa sababu karibu kila kilichoutikisa mji huu kiliingia au kilitoka kupitia pale.

Jumamosi ya kwanza pandeni pantoni ya Kigamboni. Mkiwa katikati ya maji waonyeshe jinsi mlango ulivyo mwembamba na ndani palivyotulia. Sultani Majid wa Zanzibar alipaona hivyo, akaanza kujenga mji miaka ya 1860 kando ya kijiji cha Mzizima, akafariki 1870 kazi haijaisha. Wajerumani wakaweka kituo 1887, na 1891 wakahamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo, ambako maji ni mafupi na meli kubwa ilibidi zitie nanga mbali. Mkirudi, piteni Boma la Kale, Barabara ya Sokoine. Hiki kituo cha kwanza cha safari yenu hakihitaji siku nyingi.

Kituo cha pili ndicho cha kukaa, hata mwezi mzima, kwani mnaishi ndani yake. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, eneo lenu likawa kambi ya wapagazi, watu waliobebeshwa risasi na chakula cha jeshi kichwani. Maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Tokeni Jumapili asubuhi na mapema, machinga hawajapanga bidhaa, mkasome vibao vya mitaa: Narung'ombe, Tandamti, Mahiwa. Kisha fungueni ramani ya Lindi na Kilwa, maana majina hayo ni ya sehemu za kusini zilizopiganiwa 1917. Mtoto wa darasa la tano akigundua kwamba mtaa anaotumwa chumvi una jina la uwanja wa vita, hutamsukuma tena.

Halafu nendeni kwenye sanamu ya Askari, iliyozinduliwa 1927 pale palipokuwa na sanamu ya Mjerumani, Wissmann. Mdogo aangalie bunduki imeelekea wapi. Wa kati ahesabu lugha zilizoandikwa. Mkubwa ajiulize kwa nini askari kapewa sanamu, na mpagazi kapewa maneno tu chini yake. Mimi hilo linanikera mpaka leo, lakini usimwambie mapema, asije akaniiga.

Cha tatu ni mgomo wa makuli wa 1947, ulioanzia bandarini ukasambaa bara kufuata reli, na kutoka hapo mwende Mtaa wa Lumumba, TANU ilikozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Hapa muwatafute wazee. Kariakoo ina familia zinazoona kwamba vitabu vimewapunja watu wao, na Mohamed Said aliandika kitabu kizima kuhusu Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, kwa kuona hivyo hivyo. Mzee akisema tofauti na kitabu cha shule, mkubwa aandike yote mawili, kila moja na msemaji wake. Adabu kwanza: shikamoo, kisha daftari.

Cha nne, bandari ya majirani. FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, kiliundwa mjini hapa 1962. Rhodesia ilipojitangazia uhuru wa walowezi 1965, Zambia ikahitaji njia nyingine ya mafuta na shaba yake, ndipo likaja bomba la TAZAMA na baadaye reli ya TAZARA. Kifo cha Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO aliyeuawa hapa kwa bomu Februari 1969, kiache kwa mkubwa.

Nyumbani funga kamba ya miaka ukutani, sentimita moja kwa mwaka mmoja, na vibanio vya nguo vya kubania tarehe. Kutoka leo hadi msafiri Ibn Battuta anafika Kilwa 1331 ni karibu mita saba, kwa hiyo itabidi izunguke sebule. Zinjanthropus kwa kipimo hicho yuko kilomita kumi na saba na nusu: anzia sokoni, fuata Barabara ya Morogoro, upite Kimara Mwisho. Waambie hivyo siku mkiwa kwenye foleni.

Mapengo usiyaogope. Majimaji, Kilwa, Kaole na Mapinduzi ya Zanzibar yatasubiri mzunguko wa mwakani, na hapo mtundu atakuwa darasa la pili, ataanza kudai vibanio vya tarehe. Kifungua mimba akiwa na mtihani wa taifa, mpumzishe. Mwombe jambo moja tu: kila Jumamosi awasimulie wadogo zake dakika kumi bila kitabu. Akikwama, wewe kaa kimya, waache wamuulize wao.