Kinu cha Mawe Kisitwange Sombe

Fizi ina dhahabu na ina mashamba. Mkono ulioshika jiwe Misisi leo, kesho hushika jembe. Wasomaji wa Fizi na Baraka wameuliza kuhusu madini mazito kwenye nafaka. Mtaalamu wetu wa udongo na lishe anawajibu.

Daktari, hayo madini yanafikaje kwenye chakula?

Kwa njia mbili. Kuna vumbi linaloganda juu ya punje. Risasi, madini yale ya kwenye betri za gari, mara nyingi hufika hivyo, kwani mizizi haiipandishi kwa urahisi hadi kwenye punje. Halafu kuna yale yanayonywewa na mmea wenyewe, kama kadimiamu. Zebaki nayo ikizama kwenye tope la shamba la mpunga, vijidudu vya topeni huigeuza kuwa methilizebaki, sumu kali zaidi, ambayo huingia hadi ndani ya mchele. Huko Wanshan, China, penye machimbo ya zamani ya zebaki, watu wasiokula samaki sana waliipata kwa kula wali.

Basi mahindi ni salama?

Kwa methilizebaki ni afadhali, maana hayalimwi majini. Kwa vumbi, hapana.

Natwanga mawe ya dhahabu nyumbani kwa kinu kilekile cha sombe, ila nakiosha. Kuna ubaya?

Upo, mama yangu, na ndio unaonitisha kuliko yote. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa. Mawe ya dhahabu ya huko yalikuwa na risasi nyingi. Watu waliyasaga vijijini, hata kwa mashine za kusagia unga, na vumbi likatanda uani wanakocheza watoto. Watoto walishikwa na degedege, dalili ambayo mzazi wa hapa angeiita malaria. Si kila jiwe lina risasi nyingi, lakini kwa macho huwezi kulijua lenye nayo. Kinu cha mti kina nyufa, vumbi huzama humo na maji hayalitoi lote. Kinu cha mawe kiwe cha mawe tu, tena kikae mbali na nyumba na watoto.

Nikiosha nafaka na kuipika sana, sumu haitoki?

Vumbi la juu hupungua, kwa hiyo osha mara kadhaa kwa maji safi. Kilichokwisha kuingia ndani ya punje hubaki. Kuchemsha huua vijidudu, madini hayafi.

Yanamdhuru nani zaidi?

Mtoto, hata aliye tumboni. Risasi na methilizebaki huharibu ubongo unaokua, naye akafika shuleni akiwa mzito wa kujifunza. Kadimiamu hukaa kwenye figo miaka mingi. Kando ya mto Jinzu, Japani, mgodi uliichafua kwa kadimiamu mito inayonywesha mpunga, na wanawake wa makamo mifupa yao ikawa inavunjika kwa maumivu makali. Serikali ilikiri chanzo hicho mwaka 1968.

Sina kazi nyingine ila machimbo. Nifanye nini?

Usichomee zebaki jikoni wala karibu na ghala. Mvuke wake huingia mapafuni na kutua kwenye chakula. Tumia chombo kilichofungwa chenye bomba la kuurudisha. Maji ya kuoshea mchanga yasifike kwenye mfereji wa mpunga. Oga na ubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Nanyi wenye mashine za kusaga, Misisi na Baraka: mtu akileta jiwe, hata akilipa mara tatu ya bei ya unga, mkatalieni.