Dondoo muhimu: Gari likilala gereji Chalinze

Chalinze ni njia panda ya Dar es Salaam, Morogoro na Segera. Gari ulilomwachia fundi laweza kufika Lugoba na kurudi bila wewe kujua.

1. Piga picha dashibodi mbele ya fundi: kilomita na mshale wa mafuta vionekane.
2. Andikishaneni kazi, bei na nani ataliendesha. Usiridhike na "usijali, bosi".
3. Usiliache na tangi limejaa.
4. Ondoka na kadi ya gari, pesa na vitu vya thamani.
5. Breki zikitengenezwa, gari lijaribiwe nawe ukiwemo.
6. Anayejaribu awe na leseni. Kagua pia bima yako.
7. Kilomita zikizidi, uliza kabla hujalipa.