SOMO: KUSHINDA JIMBO MOJA SI KUSHINDA UCHAGUZI

Leo tutajifunza jinsi vyama vya Marekani vinavyomchagua mgombea wa urais. Mfano wetu ni Paul Tsongas, aliyewahi kuwa seneta.

Kura za mchujo ni nini?

Ukikuna nazi unaikamua na kuichuja. Machicha yanabaki, tui linapita. Vyama vya Marekani navyo huchuja. Wanaotaka urais ni wengi, lakini chama kinataka mmoja tu. Basi kura hupigwa jimbo baada ya jimbo, kwa miezi kadhaa. Kila jimbo hutoa wajumbe. Atakayepata zaidi ya nusu ya wajumbe ndiye mgombea wa chama. Haba na haba hujaza kibaba.

Tsongas alikuwa nani?

Alizaliwa mwaka 1941 katika mji wa Lowell, jimbo la Massachusetts. Alipokuwa kijana alifundisha Ethiopia kwa kujitolea, tangu 1962 hadi 1964. Mwaka 1978 alichaguliwa kuwa seneta, yaani mjumbe wa baraza la juu la bunge lao. Mwaka 1983 madaktari waligundua kuwa ana saratani. Hakugombea tena. Mwanzoni mwa 1985 alitoka bungeni, akatibiwa.

Mwaka 1991 akarudi, sasa anataka urais kwa chama cha Demokrati. Wakati huo Rais George Bush alisifiwa sana kwa vita vya Ghuba, na wakubwa wengi wa chama hicho walisita kupambana naye. Tsongas hakusita. Aliandika kijitabu juu ya uchumi, akawagawia watu. Mwenzake Bill Clinton aliahidi kuwapunguzia kodi watu wa kipato cha kati. Tsongas alikataa kuahidi hivyo. Alisema nchi ina deni, na viwanda vinahitaji mtaji.

Je, watu walimsikiliza?

Ndiyo, mwanzoni. Tarehe 18 Februari 1992, jimbo la New Hampshire lilimpa asilimia 33 ya kura. Clinton alipata 25. Lakini tazama ramani: Lowell iko karibu kabisa na New Hampshire. Tsongas alikuwa jirani. Tena jimbo hilo ni dogo, mgombea anaweza kuwasalimu watu kwa mkono.

Tarehe 10 Machi majimbo mengi yalipiga kura siku moja. Hapo kusalimiana hakutoshi. Panatakiwa fedha za matangazo ya televisheni, na watu wa kazi kila mahali. Clinton, mtu wa kusini, alichukua majimbo ya kusini, pamoja na Texas na Florida. Tsongas alipata Massachusetts, Rhode Island na Delaware. Tarehe 17 Clinton akashinda Illinois na Michigan. Tarehe 19 Tsongas alisimamisha kampeni. Fedha zilikuwa zimekwisha. Novemba Clinton alichaguliwa kuwa Rais.

Jambo la afya

Katika kampeni Tsongas alionyeshwa kwenye televisheni akiogelea, watu waone kuwa ni mzima. Baada ya kujitoa ikajulikana kuwa saratani ilirudi mwaka 1987, akatibiwa tena. Wapiga kura hawakuwa wameelezwa hivyo. Alifariki tarehe 18 Januari 1997, siku mbili kabla ya kipindi cha kwanza cha Clinton kumalizika. Mtu huyu alisema kweli juu ya kodi, kweli chungu. Juu ya mwili wake hakusema yote. Sisi tupime mambo yote mawili, tusichukue moja tukaacha jingine.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kwa nini ushindi wa New Hampshire haukumtosha Tsongas?
2. Mgombea mwenye fedha kidogo anaweza kufanya nini ili asikike?
3. Je, mpiga kura ana haki ya kujua ugonjwa wa mgombea? Toeni sababu za kila upande.
4. Mgombea akikuahidi jambo, utamwuliza nini kabla ya kumwamini?