Slabu Inavuja, Mafundi Wanabishana

*Nina nyumba ya ghorofa moja hapa Tanga, juu ni slabu. Tunaanika nguo huko, na tangi la lita 2,000 liko hukohuko. Masika yaliyopita dari ya chumba cha watoto iliota madoa, plasta ikaanguka. Fundi wa kwanza anataka kutandika lami ya kuchoma kwa gesi, wa pili anasema tupake rangi ya kuzuia maji, wa tatu tumwage saruji nyingine yenye dawa. Nimshike yupi?*
*Mama Wawili, Tanga*

Dada yangu, wote watatu wamekutajia dawa bila kuuliza maji yanasimama wapi. Mvua ikikatika, kaa siku mbili kisha panda juu. Ukikuta dimbwi, anza na mteremko: kwa kila mita 4 kuelekea tundu la kutolea maji, slabu ishuke angalau sentimita 5. Matundu nayo yawe zaidi ya moja, maana jani la mkungu linatosha kuziba lile la pekee.

Plasta iliyoanguka usiizibe haraka. Mwite mhandisi atazame kama nondo zimeshika kutu, na kama slabu inalimudu tangi. Lita 2,000 ni tani mbili hizo.

Fundi wa tatu muage kwa heshima. Slabu hutanuka kwa jua la mchana na kunywea usiku; saruji ngumu juu yake hupata nyufa nyembamba, na maji hayahitaji mlango mkubwa. Dawa za jamii ya saruji zinafaa ndani ya matangi na bafuni.

Wa pili mwulize ni rangi gani. Ya akriliki ni nafuu, na ikiwa nyeupe hupunguza joto, ila haivumilii maji yaliyotuama wala nyayo za kila siku. Ya poliyurethani hunyumbulika na kudumu zaidi, bei yake nayo imechangamka.

Kwa paa linalokanyagwa kama lako, mimi ningemchukua wa kwanza, kwa masharti. Lami iwe ya milimita 4. Vipande vipandane sentimita 10 ubavuni na 15 kwenye ncha. Ukutani ipande sentimita 15, na ukingo wake uzamishwe ndani ya mfereji uliochimbwa kwenye ukuta; mapaa mengi huvujia hapo, wala si katikati. Slabu iwe kavu kwelikweli, kwani unyevu uliofungiwa chini hugeuka mvuke juani na lami ikatoka malengelenge. Mwisho ifunikwe kwa saruji au vigae, maana lami iliyoachwa wazi huliwa na jua. Vitako vya tangi na nguzo za kamba za nguo vijengwe kabla ya lami. Akija mtu baadaye kutoboa afunge dishi, mfukuze.

Fanya kazi hii Januari au Februari, masika hayajabisha hodi. Kabla ya kufunika lami, zibeni matundu, mjaze maji kina cha sentimita 5, yalale saa 24. Huo ni mzigo wa kilo 50 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo mhandisi auridhie kwanza. Malipo ya mwisho ya fundi yabaki mkononi mwako hadi dari ya watoto ionekane kavu.