Usahihi wa Bunduki ya Bolti

Swali: Bunduki ya kuwindia aina ya Mauser 98, yenye kitako cha mbao, hutawanya risasi kwenye shabaha ya mita 100 ingawa mtutu haujachakaa. Kasoro iko wapi?

Jibu: Ukaguzi huanza kwa kuhakikisha kuwa bunduki haina risasi, kisha hukazwa skrubu za darubini na zile zinazoshika chuma kwenye mbao, kwa kuwa skrubu iliyolegea huzaa dalili zilezile za mtutu mbovu. Zikiwa imara, mbao yenyewe hushukiwa, maana hunyonya unyevu, hupinda na kuusukuma mtutu upande mmoja. Fundi mwenye leseni hupanua mfereji wa mbao hadi karatasi ipite chini ya mtutu bila kukwama, na huimarisha mahali chuma kinapokaa kwenye mbao kwa epoksi, yaani gundi ngumu isiyotikisika, hasa nyuma ya jino linalopokea msukumo wa bunduki kurudi nyuma.

Baada ya hapo hujaribiwa risasi za uzito na watengenezaji mbalimbali, kwani kila mtutu hutetemeka kwa namna yake na huchagua risasi inayoufaa. Kila jaribio lifanywe juu ya egemeo thabiti, kwa risasi tatu hadi tano, na mtutu uachwe upoe, kwa sababu mtutu mwembamba ukipata joto huweza kuhamisha mahali risasi zinapopiga. Mdomo wa mtutu nao ukaguliwe, kwani mkwaruzo mdogo hapo huyumbisha risasi inapotoka.