Mkulima Aliyeacha Tumbaku

Somo: Mwanzo 2:4-15, Walawi 25:1-7, Mathayo 5:43-48

Ninyi walimu wa mitaa mnaofundisha asubuhi na kushika jembe mchana, mwezi huu twataka kujifunza habari za mkulima mmoja wa Zimbabwe, jina lake Brian Oldreive. Hatukupata kumwona kwa macho, lakini mwendo wake watufaa, kwa kuwa shamba lake na imani yake vilishindana kwanza kabla ya kupatana.

Bwana huyu alikuwa mlimaji wa tumbaku, na katika ujana wake mchezaji hodari wa kriketi. Nchini kwao tumbaku ndilo zao la fedha. Naye alipoamini, dhamiri yake ikamsumbua: je, yampasa Mkristo kuishi kwa zao lidhurulo miili ya jirani zake? Akaiacha, akapanda mahindi. Labda mwadhani ya kuwa Mungu alimlipa mara moja. Sivyo, alipoteza shamba lake. Hapo tusipite upesi, maana katika mikutano yetu hupendwa sana ushuhuda wa mtu aliyetii Jumatatu akatajirika Ijumaa. Huyu alitii, akakosa mahali pake pa kulima, akawa msimamizi wa shamba la wengine, liitwalo Hinton Estate, kaskazini ya Harare.

Huko nako hali ilikuwa mbaya. Ardhi ilipigwa plau mwaka hata mwaka, mabua yakachomwa, na kila mvua kubwa ikachukua udongo. Shamba likaingia hasara. Yeye mwenyewe asimulia ya kuwa alimwomba Mungu amfundishe kulima, kisha akaenda porini akatazama. Akaona mambo mawili ambayo kila mtoto mchunga mbuzi ameyaona: porini hakuna apigaye plau, na chini ya miti pana blanketi la majani makavu lisiloondolewa na mtu. Mwaka 1984 akajaribu jambo hilo katika hekta 2 tu, kwa jembe la mkono. Mavuno yakawa mema. Akaongeza kidogo kidogo, hata baada ya miaka kadhaa hekta zikapita 1,000.

Sababu yake haina uficho. Tone la mvua likianguka juu ya udongo mtupu huuvunja ukawa tope laini. Tope hilo huziba vitundu vya ardhi, na maji yasipopata pa kuingia hukimbia bondeni pamoja na udongo ulio bora. Plau nayo, ikipita kina kile kile kila mwaka, hufanya tabaka gumu chini, mizizi isipenye. Lakini mabua yakiachwa juu, tone huvunjika nguvu, maji hunywea polepole, na jua halikaushi upesi. Mizizi ya mwaka uliopita huoza na kuacha njia za maji na hewa. Mtu akipokezana mahindi na kunde au maharage, ardhi hupata nguvu zaidi.

Mafundisho haya yalienea kwa wakulima wadogo wa nchi nyingi za Afrika. Mwaka 2020 serikali ya Zimbabwe iliyatwaa, ikayaita Pfumvudza, neno la Kishona la majira ya machipukizi. Kipimo chake ni meta 39 kwa 16, mistari 52, na katika kila mstari vishimo 28, yaani vishimo 1,456. Vishimo huchimbwa wakati wa kiangazi, hutiwa samadi, na mbegu hupandwa mara mvua ya kutosha inyeshapo. Mistari ni 52 kwa sababu majuma ya mwaka ni 52: kila mstari ukusudiwa kulisha nyumba juma moja.

Wengi huuita ukulima huu njia ya Mungu. Sisi twalitumia jina hilo kwa hofu kidogo. Matandazo ya mtu asiyeamini huhifadhi maji sawasawa na ya mzee wa kanisa, na Bwana wetu alitufundisha ya kuwa mvua haichagui shamba la mwenye haki. Basi mwalimu asiwaambie watu ya kuwa gunia la mahindi ni mshahara wa imani, asije akamvunja moyo mjane ambaye ukame umemkausha mahindi yake ingawa aliyatandazia vema. Lakini kama nchi ni ya Bwana, nasi tu wageni ndani yake, kuichoma na kuiacha ichukuliwe na maji ni kuharibu mali ya mwingine. Hili laweza kuhubiriwa bila hofu.

Sisi wenyewe tulipima kishamba cha namna hiyo nyuma ya nyumba yetu. Mwaka wa kwanza magugu karibu yatushinde, na mchwa wakala sehemu ya matandazo. Tena mama wa nyumba alichimba vishimo vingi kuliko sisi, kwa kuwa tulikuwa na safari nyingi za mitaa. Siku moja akasimama akauliza, "Baba, hii njia ya Mungu mbona yapita mgongoni mwangu?" Hatukuwa na la kujibu, ila kwenda kulitafuta jembe la pili. Mwaka wa pili magugu yalipungua, na mahindi yalisimama wiki mbili za jua kali pale ambapo ya kando yalikunja majani.

Liko neno moja ambalo hatujalimaliza. Kwetu ni desturi ya zamani ya kuwa baada ya mavuno mashamba yote huwa malisho, na mbuzi wa jirani huingia wakala mabua yale yale tuyatakayo kwa matandazo. Jirani huyo ni Mkristo, naye hana majani mengine ya kiangazi. Wazee wa mtaa wamekwisha kukutana mara mbili juu ya jambo hili. Watakutana tena baada ya ibada ya Jumapili ijayo.