Uhariri wa Mawimbisauti katika Utafiti wa Lugha za Mto Tana: Mfano wa Minjila

1.0 Utangulizi
Lahani ya wimbo wa taifa wa Kenya, uliotungwa mwaka 1963, ilitokana na bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Bembelezi hiyo ilikuwa imepokezwa kwa mdomo tu. Sehemu kubwa ya utajiri wa lugha za eneo hilo ingali katika hali iyo hiyo. Kwa hiyo, mtafiti anayefika Minjila, karibu na Garsen, kurekodi Kipokomo, ambacho ni ndugu wa Kiswahili katika kundi la Sabaki, au Kiorma, ambacho ni lugha ya Kikushi, hurejea chuoni na amana. Makala haya yanafafanua kazi za msingi za kuhariri sauti na kuonyesha kwamba kila kazi ni uamuzi wa kiisimu.

2.0 Dhana ya Wimbisauti
Kinasasauti cha dijitali hupima mabadiliko ya kanieneo ya hewa mara nyingi kwa sekunde; kiwango kilichozoeleka ni mara 44,100. Kila kipimo huitwa sampuli. Programu kama Audacity, iliyotolewa mwaka 2000, na Praat, iliyobuniwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, huzionyesha sampuli hizo kama mchoro. Mlalo huwakilisha muda, na wima huwakilisha ukubwa wa mtetemo. Irabu huonekana kama mawimbi yanayojirudia. Kipasuo sighuna huonekana kama kimya kifupi kinachofuatwa na mlipuko.

3.0 Kazi za Msingi
(a) Kukata: Huondoa kipande cha sauti pamoja na muda wake. Inafaa kukatia mahali ambapo mchoro unavuka mstari wa sifuri, la sivyo husikika mlio mkali usiotoka kinywani mwa msemaji.

(b) Kunyamazisha: Huondoa sauti lakini muda hubaki. Njia hii inafaa kuficha jina la mtu bila kuvuruga urefu wa mazungumzo.

(c) Kukuza: Huongeza ukubwa wa mtetemo. Ukizidi kiwango cha juu kabisa, vilele vya wimbi hukatika na sauti hukwaruza. Aidha, kelele iliyomo hukuzwa pamoja na usemi.

(d) Kupunguza kelele: Upepo na malori ya barabara kuu ya Malindi humfanya mtafiti atamani zana hii. Hata hivyo, zana ya kuondoa mipasuko ilikusudiwa mikwaruzo ya santuri. Kidahalo, lugha ya Kikushi yenye wasemaji wachache katika kaunti za Tana River na Lamu, kina vidoko vya meno. Programu haitofautishi kwa hakika kidoko na mkwaruzo. Inaweza kufuta fonimu ikidhani inasafisha uchafu.

4.0 Uhariri na Maana
Hatari haiishii kwenye fonimu. Tuchukue mfano wa kubuni wa mkulima asemaye: "Hatukatai mifugo inywe maji kupitia malka, tunakataa ipite shambani." Ikiwa mhariri atakata kishazi cha kwanza ili kufupisha, msikilizaji atabaki na kukataa pekee. Katika eneo ambalo mwaka 2012 lilishuhudia mapigano makali kati ya wakulima na wafugaji, mkato huo si jambo dogo. Kimya nacho ni sehemu ya usemi: kituo cha mtambaji kabla ya fumbuo la kitendawili hakipaswi kuondolewa kwa kuwa tu mchoro umelala.

5.0 Hitimisho
Makala haya yanapendekeza kanuni tatu. Mosi, faili asilia ihifadhiwe katika umbo la WAV, na uhariri wote ufanywe kwenye nakala. Amri ya kutengua haitamsaidia aliyekwisha kuhifadhi na kufunga faili. Pili, kila mkato uandikwe daftarini pamoja na dakika na sababu yake. Tatu, msemaji asikilizishwe toleo lililohaririwa kabla halijatumiwa. Mzee akishafariki, sauti yake haiwezi kurekodiwa upya.